Atakayenirudishia Kihamba

Leteni masikio kwanza, hukumu mtaileta baadaye, na tafadhali msinikatize, maana nikikatizwa napoteza mstari, na hadithi hii ukiipoteza mstari unaweza kumpa mtu haki ya mwenzake.

Huko kwetu mlimani, juu kabisa, pale migomba inapokutana na msitu, aliishi mjane mmoja, Mama Aikande. Alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja alizaliwa na kipawa chake.

Wa kwanza alikuwa Oforo, na kipawa chake kilikuwa kumbukumbu. Kitu akikiona mara moja hakimtoki. Angekwambia siku ya ubatizo wake nani alikaa wapi na nani alisinzia, ukamwambia we muongo, ulikuwa mchanga wa miezi mitatu, halafu ukaenda kumuuliza mama yake ukakuta ni kweli tupu.

Wa pili alikuwa Ndeonasia, binti pekee, na kipawa chake kilikuwa sikio. Alisikia maji yakipita chini ya ardhi kama wewe unavyosikia uji ukichemka chumba cha pili.

Wa tatu, kitindamimba, alikuwa Elirehema, na kipawa chake kilikuwa mkono. Alichokichomeka kiliota. Watu walitaniana wakisema Elirehema akija kwako usimwache aegemeze fimbo ukutani muda mrefu, utaikuta imetoa majani.

Je, walipendana? Walipendana, ndiyo, lakini lilikuwa pendo la kuchunguliana. Mama akimpakulia mmoja mtori, wawili wanatazama bakuli lina nyama ngapi. Akicheka na mmoja, wawili wanajiuliza wamechekwa wao. Tangu wadogo. Na mama mwenyewe, Mungu amsamehe, alidhani ni utoto, utaisha.

Sasa, mali yao ilikuwa moja tu: kihamba. Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu wa Kiswahili alituuliza maana ya neno hilo, mimi nikaandika "shamba la urithi la ukoo", nikapata tiki, nikafurahi. Siku hizi naona ile tiki ilikuwa ya haraka. Maana shamba unaweza kuuza ukanunua jingine, lakini kihamba ndiko alikolala babu yako chini ya migomba, ndiko kitovu chako kilikofukiwa, ndiko kahawa, ndiko ng'ombe, ndiko maji ya mfongo yanakopita mlangoni, huo mfongo ni mfereji tu, lakini ulichimbwa na watu ambao majina yao hayakumbukwi. Na pembeni pote masale, ile mimea ya majani marefu, ndiyo mpaka. Sasa katika hayo yote, kihamba chenyewe ni kipi? Shikeni swali hilo hapo hapo, msiliache lidondoke, maana watu wazima watatu walikaribia kuuana kwa sababu yake.

Jumanne moja ya masika, Mama Aikande akiwa sokoni na nyumbani hakuna mtu, mlima uliteleza. Sina namna nyingine ya kusema. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa, na asubuhi hiyo kipande cha mlima kikashuka, tope na mawe na miti mizima, kikapita juu ya kihamba chao na kikalala hapo. Nyumba ikafunikwa. Migomba ikafunikwa. Mfongo, masale, kaburi la baba yao, vyote. Mama aliporudi na kapu lake kichwani alisimama mahali palipokuwa na mlango wake na hakujua kama ndipo.

Akaja jirani yao, Kiwia. Huyu alikuwa binamu wa marehemu, kihamba chake kilipakana na chao upande wa chini, na tope halikumgusa hata mgomba mmoja. Akasema, "Pole sana shemeji. Pole mno. Lakini tusidanganyane. Hiki si kihamba tena. Hili ni tope."

Na hakusema bure. Ukoo wao ulikuwa na sheria yake: kihamba kikifa, ardhi inaunganishwa na ya jirani wa ukoo. Wazee wakakaa, wakampa mjane muda mpaka vuli ya mwaka wa pili. Wakasema, "Tutakuja tuulize mambo matatu. Mpaka uko wapi? Maji yako wapi? Chakula kiko wapi? Ukikosa jibu moja tu, Kiwia atapanda."

Hapo ndipo Mama Aikande alipofanya kosa lake. Machozi yanamtoka, hasira zimempanda, akaenda kwenye masale ya Kiwia, kwa sababu ya kwake hayakuwapo, akachuma jani, akalifunga fundo mbele ya watoto wake watatu. Na kwetu ukishafunga fundo kwenye jani la sale ukatamka neno, neno hilo halirudi tumboni. Akatamka:

"Atakayenirudishia kihamba, kihamba ni chake."

Basi. Hakusema kihamba ni nini.

Na mjue kila mmoja alikihitaji kwa roho yake yote. Oforo alikuwa na mke, Foibe, na watoto wanne kwenye chumba cha kupanga mjini, wakilala miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Ndeonasia alikuwa amerudi kutoka kwa mume na binti mgongoni, na binti aliyerudi kwetu hana pa kuchomeka hata mche wa maboga bila kuomba ruhusa. Elirehema alikuwa hajaoa, na toka mtoto aliambiwa kitindamimba ndiye anayebaki kwa mama, hakuwahi kujifunza kutamani mahali pengine. Na kugawana haikuwezekana, kihamba kilikuwa chembamba, ukikigawa mara tatu kila mmoja anapata pa kulaza ng'ombe mmoja, mkia ukae kwa jirani. Atakayekosa angeshuka porini, kwenye tambarare, kule mahindi hukauka yakiwa na kimo cha goti.

Wakaanza kazi.

Oforo alisimama juu ya tope, akafumba macho, akarudi utotoni. Akapiga hatua, akahesabu, akageuka, akasema, "Chimbeni hapa." Wakachimba kimo cha mtu. Wakakuta kisiki cha sale, kizee, bado kibichi ndani, wakakipandisha juu na Elirehema akakipanda pale pale. Akapiga hatua tena. "Na hapa." Kingine. Hatimaye mpaka wote ukazunguka, na katikati yake kaburi la baba yao, jiwe lake halijasogea. Kiwia alikuja kupima kwa kamba akitafuta kosa, akarudi kwake akiwa ameikunja.

Ndeonasia alilala kifudifudi kwenye tope, binti yake mgongoni, sikio chini. Siku ya kwanza hakusikia kitu. Siku ya pili alisikia moyo wake mwenyewe. Siku ya sita akasema, "Yamo. Yamepotea njia, lakini yamo." Akachimba mwezi mzima na siku kumi, kucha mbili zikang'oka, mpaka mchana mmoja sururu ikapiga na maji yakamrukia usoni, baridi, na mtoto mgongoni akacheka kwa sauti. Mfongo ukapita tena.

Elirehema alilichukua lile tope, ambalo hata magugu yalilikataa, akabeba samadi kichwani kutoka kwa watu wa ng'ombe, safari nne kwa siku. Wengine walishajaribu kupanda pale, miche ikaoza. Yeye akachomeka machipukizi thelathini ya migomba. Yakashika thelathini.

Mmeona? Bila Oforo, Ndeonasia angechimba kwa Kiwia na maji yangekuwa ya Kiwia. Bila Ndeonasia, migomba ya Elirehema ingekuwa kuni. Bila Elirehema, Oforo na dada yake wangekuwa na uzio na mtaro, na wazee wangecheka.

Wangekaa hivyo, mngekuwa mmeshalala na mimi nimeshaosha vyombo. Lakini siku moja, zimebaki wiki tano wazee waje, Mama Aikande alimpelekea Elirehema uji shambani, akamtazama anavyofukia shina, akasema, neno la mama tu, halikuwa na nia yoyote, "Mkono huo ni wa baba yako kabisa."

Oforo alikuwa upande wa pili wa migomba. Na Oforo, mnajua, hasahau.

Akamwambia mke wake, aliyekuwa amemfuata mlimani. Na Foibe akaenda mfongoni kuchota maji, akamkuta Ndeonasia, akatua ndoo, akasema, "Wifi, habari za kazi? Nasikia Elirehema ana mkono wa baba mkwe."

"Nani kasema?"

"Mama mwenyewe. Nikajiuliza, na wifi yangu je, sikio lake la nani? Au uliokota tu njiani?"

"Foibe, chota maji uende."

"Nachota, wifi. Nachota kabla hayajawa ya bwana mkono."

Ndeonasia akacheka. Lakini aliwaza siku sita za kifudifudi na arobaini za kuchimba, aliwaza kucha zake. Kesho yake akaziba mlango wa mfongo kwa udongo na mawe, akakaa kwenye kigoda akimsuka mtoto wake nywele. Elirehema akaja mbio.

"Dada, maji yamekatika!"

"Muulize baba yako, si una mkono wake? Mwambie akuchotee."

"Migomba inanyauka, dada!"

"Sikio linaniuma. Sisikii vizuri."

Siku tatu majani yakainama. Elirehema naye, badala ya kumbembeleza, akaona kijicho hiki hakitoki kwa mtu mmoja. Akamwendea Oforo, akamwambia mbele ya mkewe, "Kaka, hivyo visiki vyako nani kaviotesha tena? Wewe ulivikumbuka tu. Hata kunguru anakumbuka. Kuanzia leo masale yako simwagilii, sitii samadi."

Oforo akakaa kwenye jiwe. Wenye kumbukumbu wakikaa hivyo ogopeni. Alikuwa anayapitia yote, kila kipande cha nyama, kila shati jipya la Krismasi alilopewa mdogo wake yeye akapewa la kubana. Kisha akatoka, akashuka upande wa Kiwia, akang'oa safu nzima ya masale, moja moja, akayalaza chini. "Nitaona," akasema, "nitaona mkono wa baba utapanda wapi mahali pasipo na mwisho."

Jamani. Sijui mnanielewa. Hakuna adui aliyekuja. Kiwia alikuwa kwake anakunywa mbege. Ni wao wenyewe, damu moja, kila mmoja anabomoa kile ambacho asingeweza kukifanya peke yake, na kila mmoja anaona yeye ndiye aliyeonewa. Mimi hapa huwa naishiwa pumzi.

Asubuhi ng'ombe watatu wa Kiwia waliingia pale palipong'olewa masale. Walikula migomba kumi na minne. Mama Aikande aliwafukuza kwa ukanda wake wa kiunoni, akilia, na Kiwia akasimama upande wake, mikono nyuma.

"Shemeji, nisamehe," akasema. "Ng'ombe ni ng'ombe. Hawajui kuheshimu mpaka usiokuwapo."

Na akatabasamu. Lile tabasamu liliwaponya wote watatu kwa siku moja, si kwa upendo, nisiwadanganye, kwa sababu kila mmoja alionelea heri kihamba kiende kwa ndugu yake anayemwonea wivu kuliko kwa Kiwia. Ndeonasia akazibua maji kwa mikono. Oforo akarudisha masale kwenye mashimo yale yale, hakukosea hata shibiri. Elirehema akaenda sale kwa sale, akiyashindilia udongo, kisha mgomba kwa mgomba, akizungumza nayo kama wagonjwa. Hawakusalimiana. Lakini walifanya.

Vuli ikafika, wazee wakafika. Mama Aikande alikuwa amejenga kijibanda na ameweka mafiga matatu, na moshi ulikuwa unapanda.

"Mpaka uko wapi?"

Oforo akawazungusha. Kiwia akasema, "Masale haya yamepandwa juzi, udongo bado laini." Oforo akafukua kidogo, akawaonyesha mizizi, minene kama mkono, na alama ya panga la babu yao juu ya kisiki kimoja. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

"Maji yako wapi?"

Ndeonasia akawanywesha kwa kata.

"Chakula kiko wapi?"

Elirehema akawapeleka kwenye mgomba mmoja uliokuwa umetangulia wenzake, mkungu umeinama, umeegemezwa nguzo. Mmoja tu. Lakini sheria haikusema mingapi.

Mzee mkubwa wa ukoo akasema, "Kihamba kiko hai. Kiwia, rudi kwako." Halafu akamgeukia mjane. "Mama Aikande, sasa lifungue fundo lako. Ulisema ni cha atakayekirudisha. Nani amekirudisha?"

Oforo hakungoja. "Mimi, wazee. Kihamba ni mpaka. Toa masale, hii ni sehemu tu ya mlima kama zilivyo nyingine. Tena hapo katikati analala baba. Nani alimtoa baba chini ya tope?"

"Ulimtoa," akasema Ndeonasia, "na kabla hatujafika leo ungewalisha ng'ombe wa baba mkubwa Kiwia kihamba chote. Kihamba ni maji, wazee wangu. Kwa nini wa kale walijenga hapa na si kule juu? Waliufuata mfongo. Masale yalikuja baadaye kuwazuia watu wasiyagombanie hayo maji. Na msiniambie mimi ni binti. Jani lilisema 'atakayenirudishia', halikusema mwana wa kiume."

"Dada amesema vizuri," akasema Elirehema, "mpaka ulisikie tumbo linavyojibu. Nani anakula mpaka? Nani analisha mtoto maji matupu? Mimi nadhani hata neno lenyewe, kihamba, na neno shamba, ni ndugu, sikilizeni yanavyofanana. Ni mahali palipopandwa. Mimi ndiye niliyepanda."

Mzee mmoja akamkatalia, akasema maneno kufanana si undugu, hata yeye anafanana na mbuzi wake. Mwingine akasema babu yake alimfundisha asili tofauti kabisa, lakini alipoombwa aitaje akasema ameisahau. Wakabishana kuhusu neno mpaka jua likasogea, na Foibe akawa anatupa vijembe kutoka nyuma ya kibanda, "Semeni basi, watoto wangu wanne wanangoja maana ya neno!" na Ndeonasia anamrudishia, "Wa kwangu mmoja naye anangoja, wifi, tena hakutumwa kuchochea!"

Kiwia alikuwa hajaenda kwake. Alisimama palepale kwenye masale, akasema taratibu, kila mtu akasikia, "Kama hamjui kihamba ni nini, mtamkabidhi mtu kitu gani?"

Wote wakamtazama mama.

Mama Aikande alikuwa amelishika lile jani, limekauka, limekuwa rangi ya tumbaku. Akasema, "Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi, mama mkwe alinisimamisha mlangoni akaniambia, 'Hiki ndicho kihamba chako.' Sikumuuliza ni nini. Nakumbuka tu kwamba hakuonyesha kwa kidole. Alionyesha kwa mkono wote, hivi." Akaupitisha mkono polepole kutoka mlimani mpaka bondeni, na mkono wake ukapita juu ya masale, juu ya maji, juu ya migomba, juu ya vichwa vya watoto wake watatu.

"Ni vizuri, mama," akasema mzee mkubwa, "lakini jani ni moja. Uliapa. Liende kwenye mkono mmoja kabla hatujaondoka."

Mikono mitatu ikanyoshwa. Mmoja una sugu za jembe, mmoja hauna kucha mbili, mmoja bado una udongo wa masale.

Na hapa ndipo ninapoishia mimi, si kwa sababu nawaficha, ni kwa sababu sijui. Nimeisimulia hadithi hii kwa mama mkwe wangu, akasema Elirehema, ndiyo desturi, mbona unauliza. Nimeisimulia kwa shoga yangu aliyeachika, akasema Ndeonasia, akasema kwa ukali mpaka nikaogopa. Mume wangu ni kifungua mimba. Yeye aliniuliza kwa nini nauliza.

Msiniambie wakae wote pamoja, mmeshaona wiki tano za kukaa pamoja zilivyofanya. Msiniambie mama alirarue jani, kiapo cha sale hakiraruliwi. Mimi nina wana wawili, wamepishana mwaka mmoja na nusu, jana nilimsifia mdogo amekunja shati vizuri, nikageuka nikamkuta mkubwa ananitazama. Ananitazama tu. Sasa nataka jibu la kweli, nitakalolielewa kabla hawajakua.

Mama Aikande amesimama, jani liko mkononi, wazee wanangoja. Ungekuwa wewe, ungeliweka kwenye mkono upi? Na wale wawili utakaowaacha mikono mitupu, ungewaambia kihamba ni nini?